Shikamoo ya Dada Yangu

Dada yangu alichukua karibu mwaka mzima kujifunza neno "shikamoo". Alilipata katika darasa la watoto wenye mtindio wa ubongo, lililokuwa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa letu la Kilutheri, upande wa Kwai, huku milimani. Hakuwa mtoto tena, umbo lake lilikuwa la mwanamke, lakini mwalimu alimpokea hivyo hivyo. Nyumbani tulisema Kishambaa, na hata katika hicho alikuwa na maneno ya kuokoteza tu. Basi siku aliporudi akamwambia mama "shikamoo", mama aliweka jembe chini, akaitikia, akamwomba arudie.

Tangu hapo hakuna aliyesalimika. Alimwamkia baba, jogoo, ng'ombe, na mimi mdogo wake. Mimi nilikuwa nanyamaza. Kwetu mdogo haitikii marahaba kwa mkubwa wake, ni kujitafutia laana. Naye asipoitikiwa hurudia na kurudia, mpaka mtu amjibu ndipo atulie.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mombo, mji wa kule bondeni, ilijaa mitumba, na huku juu kila kitu kilianza kuchangiwa na wananchi, hata dawa. Darasa lile lingekufa kama si ruzuku iliyopitia wilayani, ndiyo iliyomlipa mwalimu na kununua unga wa uji. Kisha likaja tangazo kwamba afisa wa ustawi wa jamii atapita nyumba kwa nyumba kuwaona wanaosaidiwa, na asiyestahili ataondolewa.

Majirani zetu hawakuwa wachoyo wa ushauri. "Siku hiyo usimwogeshe," mmoja alimwambia mama. "Mwache na udenda wake. Wakimkuta msafi watasema mmedanganya."

"Mwanangu hatanuka kwa ajili ya serikali," mama akajibu. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamvika gauni la mtumba lenye kola nyeupe, lile la kwendea kanisani.

Afisa alifika amelowa mpaka magotini, kwa sababu gari lilikwama kwenye matope kule chini. Dada alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo," akasema, safi kabisa, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa.

"Marahaba, binti." Afisa alimtazama, kisha akamgeukia mama. "Mama, mlemavu mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye huyo, bwana."

"Mbona mzima? Anaamkia vizuri kuliko watoto wangu."

Nilichemka. Neno alilopewa na darasa ndilo lililokuwa linamtoa darasani, na hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na kosa. Maana yule afisa hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kigoda, akaeleza taratibu kwamba katika kijiji kimoja alikopita, mlemavu aliyeandikishwa alimkuta msituni anapasua mbao. "Siwezi kuandika nisichokiona, mama. Niambie asichoweza."

Hilo mama hakuwahi kulisema mbele ya dada. Kawaida yake ilikuwa kutaja anachoweza: siku hizi anashika kikombe, siku hizi anafunga kifungo. Sasa ilimbidi aanze upande wa pili. Hawezi kwenda chooni peke yake. Hajui kama moto unaunguza, na hapo akaonyesha kovu la mkononi mwa dada. Hajui njia ya kurudi nyumbani, hata kutoka kisimani. Alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama dada, na dada alikuwa anatabasamu muda wote kwa kuwa alijua anazungumziwa yeye. Nilimchukia afisa wakati ule, ingawa najua alikuwa anafanya kazi yake.

"Sasa nikifa mimi..." mama akasema. Akajifunika uso kwa kanga.

Afisa aliweka kalamu mfukoni. "Inatosha, mama. Anabaki darasani. Unisamehe."

Dada hakuelewa habari za kubaki wala kuondolewa. Alichoona ni mama analia, naye alikuwa na neno moja tu la kumpa mtu. Akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo."

Mama aliendelea kulia ndani ya kanga.

"Shikamoo," akarudia, sasa kwa hofu, akimvuta kanga. "Shikamoo."

Nikamshika mkono, mimi mdogo wake, nikaitikia, "Marahaba."

Akatulia.