Mgonjwa Aliyekataa Supu

Juzi nilikuwa kwa daktari wa mifugo hapa Ruiru, mtoto mgongoni, nikingoja dawa ya kuku. Cucu mmoja, bibi kizee wa Kikuyu, akaingia akisukuma wilbaro. Ndani yake alilala mbwa mzee, amefunikwa leso hadi shingoni.

"Ni homa ya kupe, Cucu," daktari alisema baada ya kumdunga mbwa sindano. "Imemmaliza damu. Akianza kula leo, atapona. Asipokula, sijui."

Cucu alifungua thamosi haraka, akamimina supu ya mifupa kwenye bakuli. Mbwa alinusa, akameza mate, lakini hakugusa.

"Cucu, huyo ni mbwa ama ni mjukuu?" alitania baba mmoja aliyevaa viatu vya gambuti, naye akingoja zamu.

"Wajukuu huja Krismasi. Huyu tunakula pamoja kila siku." Hapo akajishika mdomo. "Ngai, Mungu wangu! Sijaomba! Nyumbani hagusi chakula kabla sijasema Amina."

Alitutazama kwa aibu. Hakuna aliyecheka. Yule baba alivua kofia, daktari naye akafumba macho. Cucu akashukuru kwa ajili ya supu, akawakemea kupe wote wa Ruiru, na sote tukaitika, "Amina!"

Mbwa alilamba bakuli mpaka likateleza sakafuni. Cucu alicheka huku akijipangusa machozi kwa ile leso.

Daktari anasema ni sindano iliyofanya kazi, nami sibishani na mtu aliyesoma. Lakini mimi, ambaye kanisani huitikia kwa midomo tu, siku hiyo niliitikia kwa sauti mpaka mtoto akaamka mgongoni.