Walimuuliza Kaka Yangu Jumanne Ilikuwaje

Kaka yangu ana namba za mafaili elfu kumi na moja kichwani. Sitii chumvi, watu wamempima.

Siku walipomuuliza Jumanne ya wiki iliyopita ilikuwaje, alisema, "Sijui."

Kwa neno hilo moja wakataka kumfukuza kazi.

Naandika haya bado nikiwa na hasira, mnivumilie. Mkiona mahali nimekosa adabu, mjue ni makusudi.

Mimi ni muuguzi, kliniki ya sukari. Kaka yangu ananizidi miaka mitatu, na tunafanya kazi hospitali moja. Yeye yuko masjala, kile chumba cha chini kisicho na dirisha, mafaili ya wagonjwa yamepangwa kuanzia sakafuni hadi darini.

Kaka ana usonji. Tuliambiwa na daktari akiwa mtu mzima, ndevu zimeshaota. Kabla ya hapo nyumbani tulikuwa na majina yetu: mkaidi, jeuri, mtoto wa kujifanya hamnazo. Mama alimchapa sana kwa kusahau kuzima jiko, na mtoto huyohuyo alikuwa anakutajia namba ya kila gari lililopita mbele ya nyumba mwezi mzima.

"Kichwa unacho, ila unakitumia unapotaka wewe," mama alikuwa anamwambia.

Daktari alituweka chini, akatufafanulia. Kitu chenye namba, mahali au saa kikishaingia kwenye kichwa cha kaka hakitoki. Lakini ukimwambia akusimulie siku yake, anakwama, maana siku nzima imo mle ndani vipande vipande na hujamwambia ashike kipi. Na ukimpa agizo la kesho kwa mdomo, huku mikono yake imeshika kazi nyingine, ujue limekwenda. Liandike kwenye karatasi, uibandike anapoiona.

Pale hospitali hakuna mtu aliyeyajua hayo kuliko mimi.

Wenzake walimpa jina la Kompyuta. Walidhani wanamsifia.

Sasa masjala kuna kitabu. Ukichukua faili unaandika namba, jina lako na saa, unatia sahihi. Ndio utaratibu. Kaka alipohamia pale, watu wakaanza kuona kitabu kinawachelewesha. Unasimama mlangoni, unamtajia namba, faili linakuja hujamaliza hata kuvuta pumzi, unaondoka zako. "Kompyuta anajua." Kitabu kikageuka cha kuwekea vikombe vya chai.

Mkuu wa masjala aliona yote na akakausha. Kazi ilikuwa inakwenda mbio, na sifa alikuwa anazipokea yeye.

Halafu faili la mama mmoja fundi cherehani halikuonekana.

Mama huyo aliletwa Alhamisi, homa kali, hajitambui. Wodini wakatuma mtu masjala. Kaka siku hiyo alikuwa mapumziko. Aliyemshikia zamu akatafuta, rafuni hakuna kitu, kitabuni hakuna kitu. Wakamchoma mgonjwa dawa bila faili. Ilikuwa dawa ileile ambayo juu ya jalada la faili lake imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba asichomwe kamwe.

Pumzi ikakata palepale. Alikaa siku tatu kwenye mashine. Alipona, namshukuru Mungu, lakini ndugu zake wakaja juu, na hospitali ikaanza kutafuta mtu wa kuangushiwa jumba bovu.

Hawakuhangaika sana. Jumatatu kaka akakabidhiwa barua: uzembe uliohatarisha maisha, afike kikaoni Jumatano saa nne asubuhi ajieleze kwa nini asifukuzwe.

Kujieleza. Yaani kati ya mambo yote duniani, walimchagulia hilo.

Ile kazi ndiyo maisha yake. Kaka hana rafiki wa kijiweni, hana mke, hana timu anayoshabikia. Ana rafu zake. Akitoka pale anarudi kukaa chumbani kama alivyokaa miaka sita kabla ya kuajiriwa, na ile miaka sita sitaki kuikumbuka.

Nilisoma barua nimesimama, nikashuka nayo hadi ofisini kwa mkuu wa masjala. Sikubisha hodi.

"Mkuu, kitabu kinasema faili alichukua nani?"

"Kitabu hakijaandikwa."

"Tangu lini?"

"Dada, usinifundishe kazi. Mtunza mafaili ni kaka yako. Nimemuuliza Ijumaa amelipeleka wapi, ananijibu hakulipeleka popote. Mtu anakumbuka faili la marehemu wa miaka tisa iliyopita, hili la juzi ndio limemtoka? Anatuchezea yule."

"Kwa hiyo wote mliacha kuandika kwa sababu yeye yupo, leo mnamgeuka."

"Wote," akasema. "Na wewe umo. Hayo mengine kayaseme kikaoni."

Nilitoka nikabamiza mlango. Jioni nikamuuliza kaka, "Kwani ilikuwaje?" Akasema hajui. Nikamwambia asijali, nitamsemea mimi.

Jumatano nilibishana na karani mlangoni mpaka wakaniruhusu kuingia kama ndugu yake. Mezani walikuwa watatu: afisa utumishi, mkuu wa masjala, na daktari wa wodi aliyempokea yule mama. Kaka alikaa mbele yao na shati lake la kijivu, amefunga vifungo hadi kooni, vidole vinasugua mshono wa suruali.

Afisa utumishi akafungua daftari. "Haya, tueleze kwa maneno yako. Faili lilionekana mara ya mwisho Jumanne ya wiki iliyopita. Jumanne ilikuwaje?"

Kaka akaendelea kusugua mshono.

"Tunakusikiliza."

"Sijui," kaka akasema.

"Hujui au hutaki kusema?"

"Sijui Jumanne ilikuwaje."

Mkuu wa masjala akacheka puani. "Si niliwaambia? Anakumbuka anachotaka."

Hapo ndipo nilipolipuka. Mama yangu alilisema neno hilo miaka ishirini, sikuwa na nafasi ya kulisikia tena kwa mtu baki.

Niliwaambia wanamuuliza vibaya. Niliwaambia wamekula jasho la kumbukumbu ya mtu miaka minne, wakaacha kuandika kwa uvivu wao, na leo hawajui hata namna ya kumuuliza swali. Afisa utumishi akaniambia nipunguze sauti. Sikupunguza.

"Muulizeni kitu," nikasema. "Msimuulize siku. Muulizeni kitu."

Daktari wa wodi akaegemea kiti. "Hebu muulize wewe tuone."

Nikavuta kiti nikakaa mbele ya kaka, mkononi nina ile barua yenye namba ya faili la yule mama. "Kaka, niangalie. Hapana, acha, usiniangalie, nisikilize tu. Faili elfu ishirini mia nne kumi na saba. Linakaa rafu gani?"

"Ya tisa. Safu ya nne kutoka chini. Jalada la kijani, kona imepasuka."

Afisa utumishi akaacha kuandika.

"Mara ya mwisho lilitoka lini?"

"Jumanne. Saa mbili na dakika kumi asubuhi."

Nikamgeukia mkuu wa masjala. Nilitaka anione vizuri. Sijawahi kujisikia mkubwa kama nilivyojisikia pale.

"Alilichukua nani?"

"Wewe," kaka akasema.

Nilidhani hajanielewa. Nikarudia swali.

"Wewe. Ulichukua manane ya kliniki." Akataja namba zote nane, moja baada ya nyingine. "Ulirudisha saba, saa nane na nusu. Nilikuwa juu ya ngazi. Ulisema, moja limebaki kwangu, huyu mama hakuja, kesho unikumbushe nilirudishe."

Aliyasema kwa mapigo yangu kabisa, hadi ule mkato wangu wa mtu mwenye haraka.

Daktari akainama mbele. "Sasa kwa nini siku zote hizi umekaa kimya?"

"Mkuu aliniuliza nimelipeleka wapi. Sikulipeleka popote."

Afisa utumishi akanitazama, na sauti aliyotumia haikuwa ile aliyomsemeza kaka. Ilikuwa sauti ya upole. "Sista, ni kweli haya?"

Nisikilizeni vizuri hapa.

Kichwani mwangu nilikuwa na picha kamili. Nimekumbatia mafaili, nashuka ngazi, naingia masjala, nayaweka mezani yote. Nilikuwa na uhakika nayo. Ijumaa walikuja kliniki kuuliza kama faili liko kwetu, nikawajibu bila hata kuinuka kitini kwamba nilirudisha yote. Yule mama hakuja kliniki siku ile, sikumwona sura, kwa hiyo kwenye Jumanne yangu hakuwemo.

Lakini pia namjua kaka yangu. Miaka thelathini na moja sijawahi kumkamata amekosea namba.

Nikasema, "Atakuwa amechanganya."

Wakaniamini hapohapo. Hakuna aliyeniuliza saa. Hakuna aliyeniuliza namba wala rafu. Mkuu wa masjala akatikisa kichwa kwa huruma, eti huruma, na afisa utumishi akaandika.

"Sijachanganya," kaka akasema, kwa sauti yake ileile ya siku zote.

Wakatupa mapumziko ya dakika kumi na tano. Nilipanda kliniki karibu kukimbia, na niseme ukweli, nilikwenda kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nikavuta droo ya kwanza ya meza yangu. Hakuna. Nikavuta ya pili, nikatoa maboksi ya glavu.

Jalada la kijani. Kona imepasuka. Wino mwekundu juu yake.

Nilikaa chini sakafuni. Nilipiga ile droo teke hadi mbao ikaachia. Nilikuwa nimekwenda masjala kufoka, nimekwenda kikaoni kufoka, nimemtukana kila mtu aliyeacha kuandika kitabu, na sahihi yangu haimo kwenye hicho kitabu tangu mwaka juzi. Mtu pekee hospitali nzima aliyejua kwamba kaka hapewi maagizo kwa mdomo ndiye aliyempa agizo kwa mdomo akiwa juu ya ngazi.

Na hakuna aliyeniona. Ningeweza kushuka nalo, nikalichomeka rafu ya tisa, safu ya nne, maisha yakaendelea. Niliwaza hivyo. Sitajisafisha mbele yenu.

Kisha nikarudi kikaoni, nikaliweka faili katikati ya meza.

"Hajachanganya," nikasema. "Ni mimi."

Mnajua waliniambia nini?

Afisa utumishi alivua miwani, akasema, "Pole, sista. Ni ubinadamu. Kila mtu husahau." Mkuu wa masjala akaongeza kwamba kliniki ya sukari ina wagonjwa wengi mno. Daktari peke yake hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama kaka.

Mimi nilikuwa nimemtia mtu kwenye mashine siku tatu, wakaniita binadamu. Kaka yangu alisema "sijui" mara mbili, wakamwita mzembe na mwongo.

Nilipewa barua ya onyo na kutolewa kliniki. Naistahili, na ndugu wa yule mama nimewapigia magoti mwenyewe. Kaka alirudi kwenye rafu zake siku ileile, na hakuna hata mmoja aliyemwambia samahani. Mkuu wa masjala bado ni mkuu.

Tulitoka pamoja saa kumi. Tulipofika getini nikamshika mkono wa shati, maana hapendi kushikwa ngozi.

"Kaka, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa yote."

"Yote ni mengi. Taja."

Nikataja. Nililiacha faili droo ya pili. Akaitikia kwa kichwa. Nilikupa agizo kwa mdomo wakati najua. Akaitikia tena.

"Na nilisema umechanganya," nikasema, "huku najua huwa huchanganyi."

Hapo hakuitikia. Watu walikuwa wanatupita kwenda nje, yeye anasugua mshono wa suruali.

"Hilo ulilisema saa nne na dakika hamsini," akasema. "Mengine sawa. Hilo sijui nifanyeje, maana halitatoka."

Hakuwa ananitishia. Alikuwa ananijulisha tu, kama anavyojulisha faili liko rafu gani.

Kwa hiyo ninyi mlio na mtu kama kaka yangu nyumbani au kazini: mwandikieni. Muulizeni kitu, mahali, saa, mtapata majibu. Na akijibu, mwaminini, hata jibu likiwaangukia ninyi.

Najua mtaniandikia hapo chini kwamba nijisamehe, kila mtu husahau. Msijisumbue. La kusahau nimeshajisamehe. Lakini pale mezani nilitakiwa kuchagua nani aaminiwe, mtu anayekumbuka au mtu anayejua kuongea, nikajichagua mimi. Hilo sikulisahau hata kidogo, nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.