Meno ya Juu

Nilipokuwa mtoto nilikuwa nauma watu. Wala si kwa mchezo. Nilimng'ang'ania mtu mpaka nitolewe kwa nguvu. Jina langu ni Kemilembe, na kwa Kihaya jina hilo lina amani ndani yake. Amani gani, jamani!

Nilizaliwa Nshamba, enzi za Mwingereza, nikaota meno ya juu kabla ya ya chini. Mtoto wa namna hiyo watu wa pwani humwita kigego, na kwetu pia aliogopwa: atamaliza ukoo, walisema, na akimuuma mtu, mtu huyo hufa. Walionizaa wakanitoa. Nikapokelewa Kamachumu na mke wa mwinjilisti, mwanamke ambaye hakujaliwa kuzaa, naye ndiye aliyenipa jina hilo. Ndiye ninayemwita Mama. Alinilea kwa upole ambao sikuuweza. Nilivunja vyungu vyake, nikamwaga maji yake, nikamtukana. Nilitaka kujua ni lini naye atanichoka.

Siku moja tulikuwa tunaanika kahawa. Rwegasira, mtoto wa kaka yake Baba, yule mwinjilisti, akaniambia kwamba Nshamba hata mbwa walinikataa. Nikamuuma kidole gumba. Kikavimba, homa ikampanda, na Bibi, mama yake Baba, akaja na wazee wawili wa ukoo kudai nirudishwe Nshamba kabla mtu hajafa. Baba, aliyehubiri kila Jumapili kwamba mizimu haina nguvu, akainamisha kichwa na kutazama vidole vya miguu yake. Hilo linaniudhi mpaka leo, tena sana.

Mama alikuwa amepiga magoti kumsalimia mama mkwe, kama ilivyo desturi. Akainuka kabla ya kuruhusiwa. Akaja pale nilipojibanza, akakunja mkono wa gauni lake.

"Kemilembe, niume."

Nikatikisa kichwa.

"Niume, mwanangu. Kwa nguvu." Kisha akawageukia wao. "Nikifa, mrudisheni. Nisipokufa, mtoto ni wa humu, na maneno haya nisiyasikie tena."

Nikamuuma. Nilikuwa na hasira na kila aliyekuwa pale, hata yeye, na yote niliimalizia kwenye mkono wake mpaka nikaonja damu. Hakulia. Bibi akaondoka bila kuaga.

Kidole cha Rwegasira kilikamuliwa usaha kwenye zahanati ya misheni, akapona. Mimi nilibaki namchunguza Mama kwa miezi. Akikohoa, naacha kula. Akichelewa kisimani, nalia. Watu wazima, wenye akili zao, walimfanya mtoto akae akisubiri kuona kama amemuua mama yake.

Aliishi. Alizeeka, akawabeba wanangu. Tulipomzika, nikamsikia shangazi mmoja nyuma yangu akinong'ona kwamba yale meno, hata kama yamechelewa, yamemfikia. Zamani ningemrukia. Nilimtazama tu, mpaka akahama pale alipokaa.

Sijawasamehe, na sitaki mtu anishauri. Lakini nikiulizwa ni lini nilipata mama, sitaji siku niliyopokelewa. Naitaja jioni ya siku ile, alipoketi kando yangu, mkono umefungwa kitambaa, akanimegea ndizi kutoka kwenye jani.

"Kula," akasema, "zinapoa."