Wasifu wa Meli ya Mvuke

Kwa Wakenya wa huku Sydney, wasifu wa marehemu naandika mimi. Sijigambi, uliza mtu yeyote kanisani kwetu. Wakati wa Korona niliandika hadi nikachoka, tukawa tunausoma kwa simu, maana hakuna aliyeweza kusafiri kwenda kuzika.

Kwa hiyo mzee mmoja niliyekuwa nikimtunza katika nyumba ya wazee karibu na Westmead aliponiomba nimwandikie ukurasa mmoja, niliona hiyo ni kazi ndogo. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Babu yake alifika Sydney kwa meli ya mvuke, na mzee alikuwa amejaza sanduku zima kwa picha na karatasi za meli hiyo. Binti yake alikuwa anauza nyumba ya mzee, na Ijumaa sanduku lilikuwa la kutupwa. Kwa sababu ya Korona wageni hawakuruhusiwa kwetu kazini, basi mzee alitaka binti asomewe habari za meli kwanza, kisha aamue.

Alinisimulia siku tatu. Nikaandika ninavyojua. Marehemu alizaliwa Uskoti. Alifanya kazi ya kuwaleta wahamiaji kwa miaka mingi bila kulalamika. Akaanza kuugua boila, wenyewe wakamuuza. Uzeeni aling'olewa injini, akafanywa ghala la makaa bandarini, mwishowe akakatwakatwa vyuma.

Mzee alisoma, akakasirika. "Nilitaka historia. Meli si mtu."

"Mzee wangu, hujafika mwisho," nikamwambia. Maneno yake yaliniuma, lakini sikubadili hata nukta.

Alhamisi tulimpigia binti kwa video; nilimshikia mzee tableti, nikasoma mimi. Binti alikuwa amesimama katikati ya maboksi, anaangalia saa kila mara. Sikuharakisha ng'o. Nikafika penye waliobaki. Kwetu hapo ndipo ugomvi huanzia; ukimsahau shemeji mmoja tu, utanuniwa mwaka mzima.

"Marehemu ameacha mzee mmoja, anayemkumbuka kila siku."

Binti akaacha kuangalia saa.

"Na mimi?" akauliza. "Mbona hamkuniandika?"

Nikachukua kalamu. Mzee akaninyang'anya, akaegemeza karatasi gotini, akaliandika mwenyewe jina la binti yake. Ilimchukua muda, na mimi na binti sote tulimngoja.