Mwanamke wa Chini ya Kitanda

Majuzi hapa mjini Durban, karne ikikaribia kwisha, niliona dukani bango kuukuu la sinema ya Kijapani limetiwa kioo. Mwenye duka aliniambia watu wanayatafuta mabango kama haya kama dhahabu.

Utotoni tulikaa Bluff, mtaa wa karibu na bandari ya Durban, na baba mdogo alipakua mizigo bandarini. Mabaharia wa Kijapani walimpa mabango kama lile, naye akayaficha chini ya kitanda, maana bibi alisema picha za watu hufukuza malaika nyumbani. Mimi sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba anaficha kitu kinachonuka wino na mafuta ya meli.

Alasiri moja nilikunjua moja. Mwanamke mwenye uso mweupe alinitazama, herufi nyekundu zikimshukia begani. Niliamini huyu ni mke wake wa melini, na kwamba karibu baba mdogo atamfuata. Nikampelekea mama mdogo, aliyekuwa akikaanga samaki.

Baba mdogo alipoingia, mkewe alimwinulia lile bango. "Nani huyu?"

"Mcheza sinema tu, mke wangu. Hata jina lake sijui kulisoma."

"Jina hulijui, lakini kila siku unalala juu yake!"

Akayatia yote motoni. Baba mdogo aliyatazama yakijikunja. Mimi nilifurahi, nikidhani nimemzuia asituache.

Kumbe hakuwa na pa kwenda. Ila tangu siku ile alifunga chumba chake kwa komeo, na kila nilipobisha aliuliza kwanza, bila kufungua, "Unataka nini?"