Maisha ya Mama Haondoki, Aliyewatafutia Kazi Waliofungiwa Milango

Alizaliwa siku ya kumi na nne ya mwezi wa pili, mvua ikinyesha, mtoto wa saba wa fundi viatu, na waliomjua mama yake husema alitoka akilia kwa hasira wala si kwa njaa. Tungependa kuandika kwamba alikuwa mpole tangu utotoni, kama wanavyoandikwa wengine. Hakuwa mpole. Alikuwa na moyo mwema na ulimi mkali, na Mungu alivitumia vyote viwili, ingawa kamati ya parokia ingefurahi zaidi kama angetumia kimoja.

Wito ulimjia akiwa na miaka thelathini na tisa, mjane, karani wa parokia. Kaka yake, aliyekatwa mguu baada ya ajali kiwandani, aliomba kazi ya kupokea simu, akaitwa kwenye usaili ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Alipanda ngazi zote kwa magongo, akafika akitweta, akaambiwa amechelewa dakika kumi. Dada mtu aliposikia hayo alifunga daftari la ubatizo, akaenda kupiga magoti altareni, na maneno aliyomwambia Mungu siku ile mtunza kanisa aliyasikia, lakini hakubali kuyarudia mpaka leo. Jumatatu iliyofuata aliomba stoo ya kanisa, akatoa viti vibovu, akaweka meza, akaandika mlangoni kwa chaki: “Unatafuta kazi? Ingia. Hakuna ngazi.”

Wakaja wasiosikia, wasioona, wenye kifafa, waliotoka gerezani. Hakumpa mtu barua ya kupeleka, kwani alijua barua za namna hiyo huishia chini ya birika la chai. Alikwenda mwenyewe, akakaa getini. Akiambiwa arudi kesho, alirudi kesho, na kesho kutwa, na mtondo. Walinzi ndio waliompa jina, kwa kumpigia msimamizi simu kila mara: “Bosi, yule mama haondoki.” Alikuwa pia na desturi yake: kazi yoyote aliyomwombea mtu, kwanza aliifanya yeye, mbele ya mwajiri, kwa hali ya mtu yule. Kwa ajili ya mpakiaji mwenye mkono mmoja alijifunga mkono mgongoni, akapanga maboksi mia mbili. Mara nyingi ilifaulu, naye akaanza kujiona ameweza.

Jaribu lake kubwa lilikuwa mjane asiyeona, aliyepewa na shemeji yake muda hadi mwisho wa mwezi: akikosa kazi, binti yake wa miaka sita angechukuliwa akalelewe kwingine. Zilibaki siku tatu. Nafasi ilikuwapo katika chumba cha kufulia cha hospitali, kupiga pasi mashuka na kuyakunja. Msimamizi hakutaka hata kusikia.

“Ataungua huyu, mama. Halafu lawama kwangu.”

Mama Haondoki akashika kiuno, akaomba kitambaa, akajifunga macho, akachukua pasi. Shuka la kwanza lilinyooka. La pili aliliunguza, pamoja na kiganja chake.

“Si nilisema?” akasema msimamizi.

Ndipo mjane, aliyekuwa kwenye benchi muda wote huo, akacheka kwa uchungu. “Mama, wewe una kitambaa tu. Upofu wa dakika tano! Mimi ninao mwaka wa ishirini huu. Tangu tuingie humu hakuna aliyeniuliza kitu. Hata wewe.”

Mama Haondoki alinyamaza, na waliomjua huhesabu kimya kile miongoni mwa maajabu yake. Aliona aibu, na alistahili. Kisha akamgeukia msimamizi. “Baba, nimekosea. Mpe yeye pasi.”

“Na akiungua?”

“Mimi naona siku zote, na nimeungua. Mpe pasi!”

Msimamizi aliitoa ili tu wamwondokee. Mjane akapapasa ukingo wa meza, akasogeza kiganja kupima joto, akaomba kapu lisihamishwe mahali pake, akapiga pasi mashuka arobaini mpaka zamu ikaisha. Kesho yake aliajiriwa. Shemeji alipokuja mwisho wa mwezi, alirudi mkono mtupu.

Tangu hapo Mama Haondoki aliacha maonyesho yake. Kila aliyeingia stoo alimuuliza kwanza, “Wewe huifanyaje?” na hakutoka na mtu kabla hajasikiliza jibu. Alifariki akiwa na miaka sabini na mmoja, kwenye benchi la geti la kinu cha unga, baada ya kuambiwa arudi kesho. Yule aliyekuwa akimwombea kazi aliajiriwa siku ya mazishi. Wengine husema ni neema, wengine husema meneja aliogopa. Anayetaka kumwiga asianze na mishumaa. Aanze kwa kuuliza swali lile, kisha akakae getini.

Kamati ya parokia ilipokusanya ushuhuda wa miujiza ili aombewe kutangazwa mtakatifu, mjane wa mashuka alikuja akiwa ameshikwa mkono na binti yake, sasa mtu mzima.

“Ulipata kuona, mama?” akauliza mwenyekiti.

“Hapana. Nilipata kazi, nikamlea mwanangu.”

Mwenyekiti akashusha kalamu. “Ashukuriwe Mungu, lakini huo si muujiza.”

“Basi mzee wangu,” akasema mjane, “wewe hujawahi kutafuta kazi.”

Mwenyekiti akachukua tena kalamu, akaandika: muujiza wa kwanza.