Matanga Niliyofunga Mapema

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliiacha darasa la nne, nikasukuma mizigo kwa baiskeli toka Kasongo mpaka Kabambare, leo niko na maduka mawili na nyumba ya mabati. Muulize yeyote.

Basi shimo la dhahabu kule Lusangi lilipomfunika shemeji yangu akafa, nilifika Wamaza kwa mdogo wangu wa kike, mjane wake, na mchele, mbuzi, turubai na sanduku la mbao ngumu. Watu walisema hawajaona mchimbaji akizikwa vile. Nilisikia vizuri.

Mdogo wangu alikaa chini kando ya ukuta, hali chakula. Wanawake walimzunguka usiku na mchana, huyu analia, yule anachambua maharagwe na kutania wenzake. Mimi niliona ni makelele tu. Mtu amechoka, nikasema, anataka usingizi. Nikachinja mbuzi mwingine, nikafunga matanga kabla ya siku zake. Wakala, wakaenda kwao.

"Sasa lala."

"Yaya, kaka yangu, watu wameenda wapi?"

Tangu hapo hata maji alikataa. Mtoto wake mchanga alivuta titi, hapati kitu.

Nikaenda kwa mama jirani aliyekuwa akiongoza kilio. "Mama, ita wenzako warudi. Chakula iko, nitalipa."

"Papa, matanga inafungwa mara moja. Tukirudi kulia, tutamulilia nani? Wewe?"

"Mimi niko mzima."

"Tena tajiri. Basi nenda ukae naye."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu. Haujui kukaa?"

Sikujua. Nilikaa juu ya kiti, nikamweleza mdogo wangu habari za Mungu, za bei ya mchele, za wajane walioolewa tena. Akajifunika uso kwa kitenge. Nikampakata mtoto, akazidi kulia. Nilimaliza maneno yote niliyo nayo, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Mwisho nikaenda sokoni, nikanunua mkeka, nikautandika kando yake, nikaketi na suruali yangu ya safari. Jioni alisogeza mguu kidogo nipate nafasi, akanywa maji funda moja, akarudisha kikombe. Chakula hakugusa. Nikabaki pale, maduka yamefungwa, sijui kama ninasaidia au ninajaza nafasi tu.

Mkeka ule, faranga elfu kumi na mbili; hazinunui hata mguu wa mbuzi.